Msiniandikie "hali nzuri"

Juzi, hapa kwenye stoo yetu ya kuazimisha vifaa vya utamaduni, nimeikuta mezani fomu ya azima ya mbuzi ya nazi inayokwenda shule moja ya Matondoni. Pale pa kueleza hali ya kifaa, kijana wetu mpya ameandika maneno mawili: "hali nzuri". Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Maneno yakawa ni yale yale. Basi wanangu, kaeni kidogo, kahawa nalipa mimi.

1. Mikono. Mbao na vyungu hushikwa kwa mikono mitupu iliyooshwa ikakauka. Shaba hushikwa kwa glovu za mpira, maana jasho lina chumvi na chumvi huila shaba. Zile glovu nyeupe za pamba mnazozipenda kwenye picha, sahani ya kichina huteleza nazo kama samaki.

2. Si kila kitu hutoka. Hakosekani mwalimu mwenye moyo mzuri anayeuliza kama siwa, ile baragumu kubwa ya watawala wa zamani, yaweza kuletwa shuleni siku ya wazazi. Jibu ni la, kwa adabu. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na wote wanaotaka kuziona waende Makumbusho ya Lamu. Sisi twaazimisha chenye pacha: vifumbu, vinu, kofia, mikeka. Kikiwa cha pekee, wanafunzi ndio wakifuate.

3. Hali ya kifaa. Zamani, nilipokuwa mgeni kama nyinyi na mwenye haraka kuwashinda, kikundi cha kina mama kilikuja kuazima pembe ya nyati, ile ya kupigia vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Walitaka kuwafunza wasichana, maana harusi nyingi siku hizi ni spika tu. Nikajaza fomu nimesimama: pembe 1, hali nzuri. Sikupima. Sikupiga picha. Kamera ilikuwa kabatini, hatua 4 kutoka niliposimama.

Pembe ikarudi baada ya majuma mawili, imefungwa kwa leso safi. Naigeuza, naona ufa, kuanzia mdomoni, urefu wa kidole. Moyo wangu ukapasuka nao. Fomu yasema ilitoka nzima, nayo imerudi na ufa. Sikuona haja ya kumuuliza mtu. Nikamwandikia kiongozi wao barua, kwa Kiswahili cha serikali, kwamba kikundi "kinawajibika kugharimia ukarabati". Bi mkubwa yule hakuja kugombana. Alimtuma mjukuu na bahasha. Ndani mlikuwa na noti ndogo ndogo zilizokunjwakunjwa, pesa za chama.

Miezi ikapita. Siku moja twahamisha majalada kwa sababu paa lavuja, ikadondoka kadi ya usajili ya pembe ile ile, na picha imebandikwa. Ufa upo. Picha yenyewe ilipigwa kabla sijaajiriwa.

Nilikwenda kwake na bahasha mfukoni, nikipita vichochoro vya mbali makusudi. Akanikaribisha, akanitilia kahawa, akanisogezea halua, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akacheka.

"Ufa ule twaliuona siku ya kwanza, mwanangu. Twalidhani waujua. Ndiyo maana twaliipiga upande wa pili."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Barua yako haikuuliza."

Kwa hiyo: ufa una urefu wa milimita ngapi, waanzia wapi, upande gani. Picha ipigwe na rula na nambari ya usajili vikionekana. Mwazimaji asome mbele yako, msaini wote wawili. "Mbovu kidogo" nayo siitaki.

4. Kufunga. Msimu wa upepo wa kusi mashua hurusha maji mpaka mapajani. Tumieni ndoo zenye mfuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017. Na punda asipakiwe upande mmoja. Nimewahi kumkimbiza punda mwenye vifumbu 6 kutoka gatini mpaka mtaa wa Langoni, na watu wa barazani wakinipa moyo badala ya kumzuia.

5. Kikirudi, kisiingie stoo siku hiyo. Kiwekwe peke yake juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mpya chini ya tundu la ubao, mdudu yumo.

Bi mkubwa bado huazima. Siku hizi huja na miwani yake, akaisoma fomu mstari kwa mstari huku akiigeuza pembe, na mara ya mwisho alinionyesha mkwaruzo ambao sikuuandika. Nikauandika.

Ile mbuzi ya Matondoni nimeitazama mwenyewe: jino moja la chuma limekatika na mguu mmoja wacheza. Fomu nimeichana. Mashua yaondoka saa nane. Kamera iko kabatini.