Re: Waaborijini walipambanaje na Waingereza wenye bunduki?

Ndugu, umeuliza kama Waaborijini wa Australia waliachia ardhi bila kupigana. Hapana, walipigana kwa miaka mingi. Mtazame Pemulwuy, shujaa wa ukoo wa Bidjigal, Waaborijini wa eneo la Sydney.

Desemba 1790 alimchoma mkuki John McIntyre, mwindaji wa gavana wa koloni la Waingereza. Mkuki ule ulikuwa na meno ya vipande vidogo vya jiwe jekundu. Ukiuvuta, meno yanabaki mwilini, na ndiyo maana McIntyre alikufa mwezi uliofuata. Gavana Phillip akatuma askari kama hamsini wakamate watu sita au wawaue. Wakarudi mikono mitupu.

Gobori la Waingereza likishafyatuliwa lilihitaji kushindiliwa upya baruti na risasi, na hapo mrusha mikuki alipata mwanya. Lakini silaha iliyouma zaidi ilikuwa moto. Kando ya mto Hawkesbury walowezi waling'oa viazi vikuu vya wenyeji wakapanda mahindi. Wenyeji wakayavuna au kuyachoma. Hiyo ilikuwa vita ya chakula, tena iliyopiganwa na watu ambao ndui ya 1789 ilikuwa imewamaliza vibaya.

Mwaka 1797 kule Parramatta, makazi ya Waingereza karibu na Sydney, Pemulwuy alipigwa marisau saba. Alilazwa hospitalini, akatoroka na pingu mguuni! Aliuawa kwa risasi mwaka 1802, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Mwanawe, Tedbury, akaendeleza mapambano.