Mizabibu ao bahari: barua kwa binti yangu

Mama yangu,

Audio yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya taksi, kelele mingi, nikashika tu "papa wewe njo unajua huku", ikabidi nifike nyumbani nifunge mlango ndiyo nisikie vizuri. Basi swali lako nimelielewa hivi: mwezi wa kumi wewe na bwana yako mnafikisha miaka 7 ya ndoa, wifi yako amekubali kubaki na watoto kutoka Ijumaa mpaka Jumapili, mmeweka pesa kidogo pembeni, na haujui kama mwende kwenye mizabibu, kule Stellenbosch na Franschhoek, miji ya divai, ao mwende baharini. Na unaniuliza mimi kwa sababu nilikaa Cape Town, Afrika ya Kusini, mji mnaokaa ninyi leo, na miaka mingi nilikula jasho langu kwenye shamba la divai.

Nakupa jibu mbele, maelezo yatafuata. Mwende Hermanus, mji wa baharini, mulale usiku mbili palepale, na divai mtaikuta hukohuko nyuma ya mji. Stellenbosch na Franschhoek ziko karibu na nyumba yenu, mtaenda siku ingine yoyote.

Sasa nikueleze kwa nini, na usione nimeandika mrefu, hii jambo iko moyoni mwangu.

Wakati mimi nafanya kazi pale kwenye shamba, kazi yangu ya wikendi ilikuwa kukusanya glasi kwenye meza na kuziosha. Mtu wa kuosha glasi anaona watu vizuri kuliko mtu wa kumimina. Siku moja, ilikuwa majira kama haya ya kuchipua, wale wa kule wanaita lente, bwana mmoja na bibi yake walifika kwetu saa nane mchana, na bwana alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, ameandika mashamba 6 na saa ya kufika kila moja. Kwetu ilikuwa ya nne. Kila shamba wanakupa kuonja divai 5 ao 6, kidogo kidogo, lakini ulimi unachoka, kufika shamba ya tatu hausikii tena tofauti, unakunywa tu. Nilipoenda kuchukua glasi zao zote zilikuwa zimejaa. Bibi alikuwa amekwisha kutoka, amekaa ndani ya gari mlango wazi, amevua viatu amevishika mkononi, anaangalia chini, na bwana amesimama mbele yake anamwonyesha karatasi, anasema tumechelewa dakika 40. Hakuwa mtu mubaya yule bwana. Alikuwa amepanga kwa mapendo, lakini alipanga mashamba, hakumpanga bibi yake ndani. Mimi yule mama na viatu vyake sijamsahau mpaka leo.

Ndiyo maana nakuambia mahali pamoja, siyo tatu.

Tena kuna jambo la majira. Mwezi wa kumi kwenye mizabibu hakuna zabibu, mama, watu wengi hawajui. Miti inaanza kufungua macho mwezi wa kenda, mwezi wa kumi unaona majani madogo ya kijani laini, mistari mirefu mpaka mlimani, ni mazuri kabisa, lakini zabibu zenyewe ni kutoka mwisho wa mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa tatu, wa ine. Kama unataka kuona vikapu na watu wanavuna, ni wakati huo. Majira ya kuchipua bahari njo iko na kitu cha kuonyesha.

Na kitu chenyewe ni nyangumi. Wale wanaoitwa southern right, wanatoka kule kwenye baridi ya kusini, wanaingia kwenye ghuba ya Hermanus kuanzia mwezi wa sita kuzaa na kunyonyesha, wanakaa mpaka mwezi wa kumi na moja hivi, na mwezi wa kenda na wa kumi ndiyo wanakuwa wengi. Haulipi kitu, haupandi mtumbwi kama hautaki. Juu ya majabali kuna njia ya miguu inafuata bahari, inazidi kilometa 10, na vibanco vya kukaa, na nyangumi wanakuja karibu na mawe kabisa. Mji uko hata na mtu wa kazi hiyo, anatembea na baragumu ya mwani mkavu wa baharini, akiona nyangumi anapiga. Walianza hivyo mwaka 1992.

Mimi niliwaona mara moja tu. Patron alitutuma na kamioni kupeleka chupa tupu kwenye shamba moja la upande ule, tukamaliza mapema, shofa akasema tushuke kwenye maji dakika 30. Nilisimama pale juu na kombinezo yangu ya kazi. Mbele nilifikiri ni jabali, jeusi, na madoa meupe ya kukwaruza kichwani kama chokaa imekauka, halafu jabali likapumua. Pfuuu, moshi wa maji unapanda umegawanyika mbili kama herufi V, na pembeni yake akatokea mdogo, mtoto, anapanda juu ya mgongo wa mama anateleza, anapanda tena anateleza. Yule mama urefu wake kama trela ya kamioni za Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, na anageuka pole pole kabisa asimwumize mtoto. Shofa akapiga honi, mimi sikusikia.

Nikafikiria mama yako. Alikuwa amekuja kunitembelea 2010, mwezi mzima, na mimi wikendi zote nilikuwa kazini kwa sababu wikendi walilipa zaidi, nikampeleka tu Parow, mtaa wa Cape Town, kununua vitu, na kanisani. Aliniomba twende kuona bahari ya nyangumi, alikuwa ameona foto kwenye kalendari. Nikamwambia mara ingine. Mara ingine haikuja, viza ilikataliwa, halafu mimi nikarudi Lubumbashi. Yeye hajanilaumu hata siku moja. Lakini jana nilipomwambia umeuliza nini, alijibu bila kugeuka kutoka kwenye moto, "umwambie aende baharini."

Sasa mambo ya kupanga.

Siku kwanza. Mukwepe wikendi ya tarehe 24 mwezi wa kenda, ni sikukuu yao ya urithi, barabara inajaa. Na mwisho wa mwezi wa kenda kuingia wa kumi Hermanus wanafanya festivali ya nyangumi, vyumba bei inapanda na watu hakuna pa kukanyaga, hiyo siyo ya watu wawili wanaotafuta kusikilizana. Mchukue wikendi ya pili ao ya tatu ya mwezi wa kumi. Chumba mkitafute sasa, msingoje, na siyo lazima oteli kubwa, kuna nyumba za watu wanapangisha chumba na chai ya asubuhi. Uliza swali moja tu: kutoka mlangoni mpaka njia ya majabali ni dakika ngapi kwa miguu? Ikizidi kumi acha. Kule watu wanasema usiku kukiwa kimya unasikia nyangumi wanapumua ukiwa kitandani, na hiyo mama haiwezi kununuliwa kwenye restora yoyote.

Njia. Ni kilometa 120 hivi, fikiria kutoka Lubumbashi kufika Likasi, saa moja na nusu. Ijumaa mpite barabara kuu N2, mpande mlima kwa Sir Lowry's Pass, juu pale msimame mwangalie nyuma, ghuba ya False Bay yote iko chini yenu. Kisha mnashuka kwenye mashamba ya matofaa ya Elgin, mwezi wa kumi yanakuwa na maua, nunueni pai ya kuku njiani. Kwenye mitaro kando ya barabara mtaona yale maua meupe makubwa kama faneli, yale huku kwetu tunalipa pesa kuweka kwenye arusi. Kule inaota yenyewe kwenye maji machafu, wenyeji wanaiita varkblom, ua la nguruwe. Kwenye arusi yenu mama yako alitafuta hayo maua mji mzima. Mwambie bwana yako asimame muangalie.

Jumamosi asubuhi msipange kitu. Mtembee, mkae, mkisikia baragumu mfuate.

Jumamosi mchana ndiyo divai, shamba moja, basi. Nyuma ya Hermanus kuna bonde linaitwa Hemel-en-Aarde, maana yake mbingu na dunia, unaingia barabara ya R320 na dakika chache uko kati ya mizabibu. Upepo wa bahari unapoza bonde lile, ndiyo maana wanalima sana Pinot noir na Chardonnay, zabibu ambazo hazipendi joto kali. Uombe Pinot noir. Halafu kama mko na nafasi muonje na Pinotage, iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925, mwalimu Perold aliunganisha Pinot noir na zabibu ingine, Cinsaut, kwa hiyo mtakuwa mnaonja mzazi na mtoto. Msione aibu kutema kwenye ndoo, ndoo iko pale kwa kazi hiyo na wakubwa wote wa divai wanatema. Ila anayeendesha gari ateme kweli kweli. Sheria yao ni gramu 0,05 ya alkoli kwa mililita 100 ya damu, na polisi wanasimama barabarani jioni, mimi ningependa mlipe taksi kuliko hesabu ya glasi.

Kuna neno moja naomba ulishike vizuri, kwa sababu wewe ni mtoto wa mtu aliyefanya kazi ndani. Divai ya kule ilianza 1659, na kwa miaka mingi walioilima walikuwa watumwa, na hata baada ya utumwa kuisha kulikuwa na mtindo wanauita dop, mfanyakazi analipwa sehemu ya mshahara wake kwa divai, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Sheria imekataza, lakini mimi nilifanya kazi na watu ambao babu zao walilipwa vile, na ulevi uliingia ndani ya familia ukakaa, na kuna watoto walizaliwa wameumia sababu mama alikunywa na mimba. Sikuambii usinywe. Nakuambia anayekumiminia umwulize jina lake, umsalimie kama unavyomsalimia mtu wa kwenu, na umwachie kitu mkononi. Mtu alikuwa akinisalimia mimi namna hiyo, nilirudi na furaha nyumbani siku nzima.

Jioni mle samaki. Wakiwa na snoek wa kuchoma, wanampaka jamu ya aprikoti, usikatae mbele ya kuonja. Na uchukue sweta na koti, msidanganywe na jua la mchana, majira ya kule yanabadilika katikati ya siku, asubuhi mvua, saa sita jua, saa kumi upepo wa kusini-mashariki unaokuchukua kilemba. Kuogelea usahau, maji ni baridi ya kuuma mifupa, mwingize miguu tu.

Jumapili msirudie N2. Mpite pwani, R44, Kleinmond, Betty's Bay, pale kuna ndege pengwini wanaishi kwenye mawe, mtaangalia saa moja, halafu Rooi-Els mpaka Gordon's Bay barabara imechongwa kwenye mlima, bahari iko chini ya dirisha lako. Madirisha mfunge mkiona nyani, wanaingia ndani kabisa kuchukua chakula. Na siku hiyo aendeshe bwana yako, wewe ukae upande wa bahari. Mkiondoka saa ine, saa kumi mko nyumbani bila kukimbia.

Pesa: chumba mlipe mbele, petroli mweke pembeni, kinachobaki mgawe mara mbili, nusu kwa chakula na nusu msiiguse. Zawadi za watu wa Lubumbashi usinunue. Nakujua, utaanza kufikiria shangazi huyu na mama mkubwa yule, kisha Jumamosi yote inaisha kwenye butiki. Safari hii hakuna anayengoja kitu.

Kuhusu watoto, nimekwisha kuongea na wifi yako. Kukitokea homa ao mtoto analia, anipigie mimi mbele, na mimi nitajua kama ni ya kuwasumbua. Simu zenu mziache wazi lakini mziweke kwenye mfuko wa koti. Yule mdogo nitamwimbia kwa simu ule wimbo wa kulala, alikwisha zoea sauti yangu.

Huku joto limeanza, mvua bado, jakaranda za mjini zimefungua na barabara imekuwa zambarau. Mama yako anasema ukiona nyangumi na mtoto wake usipige foto, foto anayo kwenye kalendari. Anataka urekodi ile sauti ya kupumua, hata sekunde kumi, umtumie yeye kwenye simu yake, siyo yangu.

Papa yako