Kabla hujanunua mtambo wa sufuria tatu: pesa ya kwanza ya kupanua vifaa vya kupikia bia nyumbani iende wapi

Ndugu, umeeleza hali yako vizuri: una ndoo moja ya plastiki ya lita 25 na sufuria ya lita 15, umekwisha kupika mara nne kwa shira ya kimea ya kopo, na sasa umeweka akiba ya pauni 400 ukitaka kuanza kupika kwa nafaka yenyewe. Unauliza kama ununue mtambo wa sufuria tatu uliouona ukiuzwa, au ule wa umeme wenye chombo kimoja. Naishi Uingereza kama wewe, nimepika bia nyumbani kwa miaka tisa, na niliwahi kusimama hapo uliposimama nikiwa na swali hilohilo. Ushauri wangu ni kwamba pesa ya kwanza usiipeleke kwenye sufuria. Ipeleke kwenye kudhibiti joto la kuchachulia, kisha ndipo tuzungumze habari za sufuria.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya kinyume. Nilinunua sufuria kubwa, koili ya kupoozea (bomba lililozungushwa, linalotumbukizwa kwenye sufuria na kupitishiwa maji baridi ndani yake) na jiko la gesi, nikapika kwa uangalifu mkubwa, na bia ikatoka na harufu ileile ya rangi ya kucha iliyokuwa ikinisumbua tangu siku za kopo. Nililaumu maji, nikalaumu kimea, nikabadilisha dawa ya kuua vijidudu. Siku moja nilibandika kipande cha themometa ubavuni mwa ndoo, siku ya pili baada ya kutia hamira. Chumba kilikuwa na nyuzi 20 za sentigredi. Ndoo ilisoma 26. Hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe, na katika siku mbili tatu za mwanzo, inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, bia inaweza kuizidi hewa ya chumba kwa nyuzi kadhaa. Hamira nyingi za eli, yaani bia inayochachuka kwenye joto la kawaida la chumba, hupenda nyuzi 18 hadi 20. Ukiziacha zipande hadi 26 hukimbia, na katika kukimbia huko huzalisha pombe nzito zenye ladha inayochoma koo na zile harufu za matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bia hupikwa kwa saa tano, lakini huchachuka kwa wiki mbili, na ladha nyingi unazozilalamikia huzaliwa katika wiki hizo mbili ukiwa umelala.

Bibi yangu kule Marangu alilijua jambo hili pasipo themometa. Alipotengeneza mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, baada ya kuchanganya ndizi zilizopikwa na uji wa kimea cha ulezi, alikuwa akigusa chombo kwa kiganja asubuhi na jioni, na msimu wa baridi wa mwezi wa saba alikisogeza karibu na jiko. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mazoea tu ya kizee. Leo naona kwamba kati ya kazi zote za siku ile, hiyo ndiyo aliyoilinda kuliko zote.

Kwa hiyo tafuta friji lililotumika, lenye nafasi ya kuingiza ndoo yako wima pamoja na kile kizibo cha kutolea hewa juu yake. Mimi nililipa pauni 30 kwa friji ambalo mwenyewe alitaka liondoke jikoni kwake siku hiyohiyo. Kisha nunua kidhibiti joto chenye soketi mbili, moja ya kupooza na nyingine ya kupasha. Friji unalichomeka kwenye ya kwanza, na kwenye ya pili unachomeka kihita kidogo au mkanda wa joto, kwa sababu gereji ya Uingereza mwezi Januari inaweza kuilaza hamira kabisa. Kihisio usikiache kikining'inia hewani. Kibandike kwenye ubavu wa ndoo, chini ya usawa wa bia, na ukifunike kwa kipande kinene cha sponji ili kisome joto la bia na si la hewa ya friji. Weka nyuzi 19, na kuanzia siku ya nne au ya tano, povu linapoanza kushuka, pandisha hadi 21 ili hamira imalize kazi na kusafisha ule mnuko wa siagi ambao huachwa bia inapopozwa mapema. Siku utakapotaka laga, ile bia inayochachushwa kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 12, kifaa ni hichohicho. Yote haya kwangu hayakufika pauni 80.

Sasa sufuria. Ile ya lita 15 haitatosha kwa nafaka, na hesabu yake ni rahisi ukiifanya ukitokea mwisho. Unataka lita 20 za bia. Utaacha kama lita 2 za mashapo chini ya sufuria. Kuchemsha kwa saa moja huondoa lita 3 au 4 kwa mvuke. Kilo 5 za kimea hunywa kama lita 4 za maji na hazizirudishi. Jumla unaanza na maji kama lita 30, na kimea chenyewe kikiingia kinachukua nafasi ya zaidi ya lita 3 nyingine. Ndiyo maana sufuria ya lita 30 inayotangazwa kuwa inatosha kwa bia ya lita 20 itakufanya uongeze maji kidogokidogo huku ukifuta sakafu. Chukua ya lita 40. Juu ya hilo sina shaka yoyote.

Ukiwa na sufuria hiyo na mfuko wa kitambaa cha wavu unaoenea ndani yake, tayari unaweza kupika kwa nafaka. Unapasha maji, unatumbukiza mfuko, unamimina kimea, unakoroga mpaka hakuna madonge, unakiloweka kwa saa moja kwenye nyuzi 65 hadi 67, kisha unainua mfuko na kuuacha uchuruzike, na maji matamu yaliyobaki ndiyo unayoyachemsha. Waliousambaza utaratibu huu ni wapikaji wa nyumbani wa Australia, katika muongo wa kwanza wa karne hii, na mpaka leo sijaona sababu ya kuuacha. Mtambo wa sufuria tatu, yaani moja ya maji ya moto, moja ya kulowekea na moja ya kuchemshia, hukamua sukari vizuri zaidi kidogo. Lakini tofauti hiyo unaifidia kwa kuongeza nusu kilo ya kimea kwenye mfuko, ilhali mtambo wenyewe unadai pampu, mipira, nafasi ya kusimama na vyombo vitatu vya kuoshwa saa nne usiku. Unafaa kwa mtu anayepika lita 50 kwa mara moja, au anayependa kweli kuusimamia mtambo. Wewe umesema unaishi kwenye nyumba yenye jiko dogo na watoto wawili.

Kuhusu umeme au gesi, hapa tuna bahati ambayo wenzetu wa Marekani hawana. Soketi yetu ya ampea 13 kwenye volti 230 inabeba karibu wati 3,000, wakati soketi yao ya kawaida ya volti 120 na ampea 15 inaishia wati 1,800. Chombo cha umeme cha wati 2,400 kitapandisha lita 30 kutoka nyuzi 10 hadi 67 kwa dakika 50 hivi, ukiacha joto linalopotea, na baada ya kuinua mfuko kitafikisha mchemko kwa nusu saa nyingine. Chenye wati 1,500 kitachemsha kwa shida, na maji yatakuwa yakitetemeka badala ya kubiringika. Mchemko wa nguvu una kazi yake: hutoa uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, na kufukuza kwa mvuke ile harufu ya mahindi yaliyochemshwa ambayo kimea cheupe hutoa, na ndiyo sababu sufuria haifunikwi wakati huo. Kwa hiyo soma wati kabla ya kusoma sifa nyingine yoyote. Soketi hizi za pini tatu bapa zinatumika pia Kenya na Tanzania, na kifaa cha hapa kitafanya kazi huko bila kubadilisha chochote. Ukichagua jiko la gesi, pika nje, kwenye uwazi kabisa, wala si gereji yenye mlango uliofunguliwa nusu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye gesi isiyoungua vizuri haina harufu, na watu hufa kwayo.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni koki. Sufuria yangu ya pili ilikuwa na koki ya chuma kisichoshika kutu, inayong'aa, na mapishi matatu mfululizo yalitoka na uchachu mwembamba nyuma ya ulimi. Nilikuwa nikipitisha maji ya moto na dawa ndani yake kila mara, nikiamini ni safi. Siku niliyoifungua kwa spana nilikuta nyuma ya ile tufe ya ndani inayofungua na kufunga njia utando wa kahawia, mlaini kama ngozi ya maziwa, ukinuka siki. Maji yalikuwa yakipita katikati ya tufe bila kugusa mgongo wake. Tangu siku ile nanunua tu koki ya vipande vitatu inayofunguka kwa mkono au kwa spana moja, na naifungua kila baada ya kupika. Ukienda dukani, uliza koki inafunguliwaje. Muuzaji asipojua, mwambie akuonyeshe.

Koili ya kupoozea ya shaba inafaa, na ni ya bei nafuu kuliko ile mashine ya sahani ndogondogo ambayo huziba kwa mabaki ya hopsi na huwezi kuona ndani yake kama imesafika. Majira ya baridi maji ya bomba yatashusha sufuria hadi nyuzi 20 kwa chini ya nusu saa. Agosti yatachukua muda zaidi. Maji ya kwanza yanayotoka ni ya moto sana, yakinge kwenye ndoo na uoshee vyombo.

Ndoo ya kuchachulia unayo, na inatosha. Yale mapipa ya chuma yenye kitako cha pia ni mazuri kwa macho, lakini hamira haitambui tofauti. Badilisha ndoo tu ikiwa imekwaruzika ndani, kwa maana mikwaruzo huficha vijidudu ambavyo dawa haivifikii, na kuanzia sasa usiisugue kwa kitu kigumu. Ongeza themometa ya kidijitali inayosoma haraka na haidromita (kile kipimo cha kioo cha kupimia sukari ya bia) ya pili, kwa sababu ya kwanza itavunjika.

Umegusia pia kegi, yaani pipa dogo la chuma la kuwekea bia badala ya chupa. Naelewa, maana kuosha chupa 40 za nusu lita huchosha mwili na moyo. Kegi ya lita 19 huondoa kazi hiyo, na kwa bia zenye hopsi nyingi ina faida kubwa zaidi: bia huhamishwa bila kukutana na hewa, basi harufu haifi wala rangi haigeuki kuwa ya hudhurungi baada ya wiki tatu. Lakini utahitaji mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, rigyuleta ya kupunguza shinikizo la gesi hiyo, mipira na friji la pili, kwa kuwa la kwanza litakuwa na ndoo. Ukilazimisha vyote ndani ya pauni 400, utapunguza mahali pasipofaa. Subiri mwaka. Utakapofika huko, funga mtungi wima ukutani usianguke, na usiuweke kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini.

Uliuliza mwisho kuhusu leseni. Hapa Uingereza, tangu 1963 huhitaji leseni kupika bia ya kunywa nyumbani, mradi usiiuze, hata kwa jirani. Ndugu zetu wanaosoma wakiwa Afrika Mashariki wana sheria zao, na wazisome kabla ya kununua sufuria.

Ile sufuria yako ya lita 15 usiiuze. Jaza humo lita 6 za maji, yapashe hadi nyuzi 75 wakati kimea kikiloweka, na uyamimine polepole juu ya mfuko ulioinuliwa ili yaoshe sukari iliyobaki kwenye kimea, lakini maji hayo uyatoe kwenye zile lita 30 za mwanzo.