Unga mweusi wa agroveti, na vinundu ambavyo sio vya kufurahia

Masika ikikaribia simu yangu haipumziki, na safari hii karibu nusu ya mesiji ni za mazao ya jamii ya kunde, maharage, soya na wenzao. Nimechagua tatu, ya kwanza ndo nitakaa nayo zaidi maana naona wengi mmeangukia shimo hilohilo.

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Uru lakini maharage nalima kule chini tambarare, ekari moja. Msimu uliopita agroveti walinishauri ninunue pakiti ya unga mweusi, wakasema ni bakteria wa kuvuta mbolea hewani, nipake kwenye mbegu nitaachana na urea. Nikapaka, na urea nikaweka kidogo kwa kuogopa. Sijaona tofauti yoyote na jirani ambaye hakupaka. Nimetapeliwa? – Mama Happy, Moshi*

Marahaba Mama Happy. Hapana, sidhani umetapeliwa, ila kuna vitu kama vinne vimegongana hapo na hamna aliyekwambia hata kimoja.

Kwanza elewa ulichonunua. Ule sio mbolea, ni viumbe hai, raizobia, wamewekwa kwenye udongo mweusi uliosagwa ili wasafiri bila kufa. Wakikutana na mzizi mchanga wa mharage wanaingia ndani, mmea unawajengea kijumba, ndo kile kinundu. Humo wanachukua naitrojeni ya hewani, na hewa karibu asilimia 78 ni hiyo, wanaigeuza iwe chakula cha mmea, mmea nao unawalipa sukari. Ni kama mpangaji na mwenye nyumba wanaoelewana.

Sasa la kwanza ni urea, ambayo ni mbolea ya naitrojeni, hapo ndo inapoharibu. Mmea ukikuta naitrojeni ya bure kwenye udongo hauna sababu ya kulisha wapangaji, kutengeneza sukari ni kazi, kwa hiyo vinundu vinakuwa vichache na dhaifu. We umelipia bakteria halafu ukalipia na kitu cha kuwafanya wakose kazi! Pesa ya urea ungeitia kwenye mbolea ya fosfeti, TSP kwa mfano, maana ile kazi ya kugeuza hewa inakula nguvu nyingi sana na bila fosfeti haiendi. Kuna utafiti ulichapishwa 2006, ulifanyika kwenye mashamba ya wakulima hukuhuku Moshi na Rombo, maharage na soya, na faida nzuri ilionekana pale bakteria walipoenda pamoja na fosfeti. Ukiwa na shamba huko juu kihambani ambako udongo una asidi hata Minjingu, ile fosfeti ya mwamba uliosagwa, itakusaidia, ila kule chini kwenye udongo wa magadi Minjingu inayeyuka taratibu mno, chukua TSP.

La pili, mbegu yako ilikuwa na rangi? Ile ya dukani yenye wekundu imeshapakwa dawa, na dawa nyingi za fangasi zinawaumiza hao bakteria. La tatu ni jua. Mi mwenyewe yamenikuta, niliacha pakiti juu ya dashibodi ya pikapu pale Boma Ng'ombe nikaingia kula nyama, si unajua nyama ya Boma haina dakika kumi, narudi pakiti inaunguza mkono. Nikapaka hivyohivyo kwa ubishi. Soya ikatoka ya njano kama ndizi mbivu, na sikuwa na wa kumlaumu. Pakiti inakaa kivulini penye ubaridi, kwenye friji inafaa ila sio kule kwenye barafu, na tarehe ya mwisho uisome kabla hujalipa maana mfu na mzima kwa macho wanafanana, unga ni uleule mweusi.

Kupaka kwenyewe hakuna ufundi. Kivulini, mbegu kwenye beseni, unalowesha kidogo na maji yenye sukari ili unga unate, sio kuogesha, unamwaga unga kwa kipimo cha kwenye lebo, unageuza taratibu maganda yasichubuke mpaka kila punje iwe nyeusi, unaacha ipungue unyevu palepale kivulini, halafu unapanda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na kufukia mara moja. Sio unapaka asubuhi halafu unasubiri vibarua wa kesho.

La nne ndo lenyewe, na wauzaji hawalisemi labda kwa sababu haliuzi. Maharage yamelimwa hapa Kilimanjaro miaka mingi sana, kwa hiyo udongo wako una bakteria wake wenyeji tayari. Wageni wa kwenye pakiti wanakuta nyumba zimejaa. Halafu mharage wenyewe kati ya jamii yote ya kunde ni mvivu kwenye hii kazi, haufiki kwa soya wala karanga. Ndo maana kabla ya kununua tena nataka uchimbe. Maharage yakianza kutoa maua chukua jembe, zungukia mashina kama kumi sehemu tofauti za shamba, inua na udongo wake, using'oe kwa mkono maana vinundu vinabaki chini halafu utasema havipo. Osha taratibu kwenye ndoo. Kata vinundu kwa ukucha. Ukikuta ndani pana wekundu kama nyama, hao wanafanya kazi, na kama viko vingi karibu na mzizi mkuu basi pakiti haitakuongezea kitu cha maana. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani, au havipo kabisa, hapo sasa pakiti ina sababu. Ila usichimbe maganda yakishakauka, utakuta vimeshaoza, ni kawaida yake.

*Mambo vipi mwalimu, nipo Ngaramtoni, nimebakiza nusu pakiti ya bakteria wa soya. Nikipaka kwenye maharage na ngwara si itafanya kazi tu, zote si jamii moja? – Kijana wa Ngaramtoni*

Poa sana. Aisee hapana, kwa maharage umekula hasara. Bakteria hawa wanachagua, wa soya ni wa soya, maharage wana wa kwao, dengu nazo wa kwao peke yao. Ndo maana pakiti inaandikwa jina la zao, lisome. Ngwara, kunde na karanga hazina maringo, zinapokea wenyeji wengi waliomo kwenye udongo wetu, kwa hiyo mara nyingi huhitaji kununua chochote. Ila soya ni mgeni huku, shamba ambalo halijawahi kuona soya hakikisha umepaka, hapo tofauti utaiona kwa macho hata ukiwa barabarani. Na ukishapata vinundu vizuri bakteria wanabaki udongoni, ukirudia soya shamba lilelile msimu unaofuata chimba kwanza kabla ya kutoa hela. Hiyo nusu pakiti iliyofunguliwa usinitunzie mpaka mwakani.

*Shikamoo. Nimeng'oa nyanya zangu nikakuta mizizi imejaa vinundu mpaka imevimba, nikakumbuka uliandika vinundu ni rutuba. Mbona nyanya zenyewe zinanyauka mchana? – Baba Brayan, Usa River*

Marahaba, pole sana Baba Brayan. Nyanya haina urafiki na raizobia, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayoingia kwenye mizizi. Jaribu hivi: kinundu cha kunde kimeshikia pembeni ya mzizi, ukikisukuma na kidole kinabanduka, mzizi unabaki mzima. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, halibanduki mpaka uvunje mzizi, na ndo sababu maji hayapandi vizuri jua likiwa kali. Ng'oa yote na mizizi yake uchome, usitupe kwenye mboji wala kwenye mfereji wa umwagiliaji utawapelekea majirani. Hapo usirudishe nyanya, bilinganya, bamia wala maharage, ndio, hata maharage yanashambuliwa, weka mahindi au vitunguu msimu mmoja miwili, na kama una nafasi panda bangi mwitu, sio ile ya kuvuta, zile za maua ya njano, zinawapunguza. Jembe lioshe kabla hujaingia nalo shamba lingine.