Kwa mwanangu Zuhura: profesa wa mimea atazamwe nini

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeupata. Umetiwa kwenye kamati ya kuajiri profesa wa biolojia ya mimea, majina yamechujwa yakabaki matatu, na unaniuliza mimi, niliyefanya kazi yangu yote kwenye chumba cha sampuli za mimea, mtu atazamwe nini kabla hamjampa kiti hicho. Nitakujibu kwa urefu, maana kiti hiki kikipewa asiyekifaa, wanaoumia ni wanafunzi.

Vyeti sivisemei. Cheti cha polisi, cha KRA cha kodi, cha HELB cha mkopo wa masomo, cha EACC cha maadili, hayo afisi ya wafanyakazi itayakagua, na shahada ya uzamifu wote watatu wanayo.

Wenzako watahesabu makala. Wewe yasome. Kila mmoja achague matatu anayojivunia, nawe uyapitie kabla ya usaili. Tazama jina lake limekaa wapi: kwa kawaida wa kwanza ndiye aliyeifanya kazi, wa mwisho mara nyingi ni mkuu wa maabara, wa katikati huenda alisaidia kidogo tu. Kisha muulize, "Sampuli zako ziko wapi?" Anayeandika habari za mmea hana budi kukata tawi, alibane, alikaushe, aliandikie mahali, tarehe, jina la mkusanyaji na namba, kisha aliweke pa kudumu, kama ile hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ili mwengine akilitilia shaka jina aende akajionee. Na kwa unyevu huu wa Mombasa, magazeti ya kukaushia usipoyabadilisha, jani huota ukungu likawa halifai tena. Aliyeipitia kazi hiyo kwa mikono yake atakujibu papo hapo.

Lakini kwangu mimi la kwanza ni wanafunzi wake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu yenyewe inataka profesa awe amesimamia watu wa uzamili na uzamifu hadi wakahitimu. Takeni majina yao, na mkiruhusiwa wapigieni simu. Najua vijana waliosubiri sura moja isomwe mpaka wakaoa, wakazaa, wakayaacha masomo. Barua za wadhamini haziandiki mambo kama hayo. Mwanafunzi wake wa zamani atakwambia.

Wala msiishie mezani. Mpelekeni mikokoni, kule Tudor hapa Mombasa, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Pwani ya Kenya ina aina 9 za mikoko, na kila moja ina mahali pake: mlilana hutangulia mbele baharini, nyuma yake mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa. Mchu utauona mbele karibu na maji, na tena nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Muulize mbele ya wanafunzi ni kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Profesa wa kweli atachuma jani la mchu awaambie walilambe, waonje chumvi. Mchu huitoa kwa majani, mkoko huizuia nyingi mizizini. Mwangalie pia anavyosema na wakataji wa pale, wanaoijua miti kwa unene wake: fito, mapau, boriti na nguzo. Asiyejua kuwauliza hao, elimu nyingi ya pwani hii itampita. Na mikoko ya Tudor, kwa kukatwa na kumwagiwa maji machafu ya mji, inahitaji mtu wa kuifanyia utafiti sasa hivi.

Utapigiwa simu za "huyu ni mtu wetu". Sheria ya utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, kwa hivyo una pa kusimamia. Watoto wa Pwani kukosa nafasi kunaniuma, unajua hivyo. Ndiyo maana namtaka profesa atakayewafikisha watoto hao kwenye uzamifu, awe ametoka Kisumu au Kilifi. Na ikiwa kati ya hao watatu kuna jamaa yetu, hata wa mbali, sema mapema utoke chumbani.

Nanyi mwambieni ukweli. Akiuliza habari za friza, jenereta na maji ya maabara, msimwone ana makuu. Huyo anawaza kazi. Kama darubini mbili ndizo nzima, mwambieni mbili.

Tarehe ya usaili haijapangwa, kwa hivyo iombeeni siku za bamvu. Siku hizo maji hutoka sana mwendo wa saa nne asubuhi, mtafika mpaka kwenye mlilana na kurudi kabla ya adhuhuri. Wakiwapangia siku za maji mafu, ambazo maji hayatoki sana, kataeni.

Mamako