GPS ya ATV: anza na skrini, umeme na kishikio

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ununue kifaa cha GPS au ufunge simu yako kwenye usukani wa ATV (ile pikipiki ya magurudumu manne ya porini), na ukinunua kifaa uangalie nini. Nimetumia vyote viwili kwa miaka mingi, msituni na kwenye makorongo, kwa hiyo jibu langu litakuwa refu kidogo.

Nianze na simu, maana kuna hofu moja inarudi kila mada hii ikiletwa. Simu haihitaji mtandao ili ijue iko wapi. Kipokezi kilichomo ndani yake kinasikiliza setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji mtandao ni ramani yenyewe, na hiyo unaipakua mapema. Programu za OsmAnd na Organic Maps zinakupa ramani za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, za eneo zima zikakaa ndani ya simu, na vijia vingi vya porini vimo. Iwashe tu ukiwa bado una mtandao, kwa sababu bila msaada wa mtandao simu huweza kuchukua muda kupata setilaiti kwa mara ya kwanza.

Tatizo la simu liko kwenye mwili wake. Skrini yake inapambana na jua kwa kuongeza mwanga, mwanga unakula betri, betri inapata joto. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35. Mchana wa jua kali, juu ya usukani, kiwango hicho kinavukwa upesi: skrini inafifia, kisha simu inakupa onyo na kukataa kazi mpaka ipoe. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilitahadharisha kwamba mtetemo wa injini zenye nguvu za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake, na ATV nayo inatetema si haba. Ongeza vumbi, matone ya maji yanayobonyeza skrini yenyewe, na glavu ambazo skrini haizitambui.

Msimamo wangu ni huu: kwa mizunguko mifupi kwenye njia unazozijua, simu inatosha. Ukienda mbali, nunua kifaa, na simu ikae mfukoni ikiwa na ramani zilezile. Hiyo ndiyo akiba yako.

Sasa kifaa. Wauzaji wanapenda kuhesabu setilaiti: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China. Ni kweli kupokea mifumo kadhaa kunasaidia, lakini karibu kila kifaa kipya kinapokea zaidi ya mmoja. Tofauti ya maana ni kama kinapokea masafa mawili, yaani L1 na L5. Kwenye korongo, mawimbi yanagonga ukuta wa mwamba kabla ya kukufikia, na kifaa kinadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Ndipo unaona njia uliyorekodi imepanda juu ya mlima ambao hukuukanyaga. Kifaa cha masafa mawili kinachuja mengi ya mawimbi hayo yaliyoakisiwa. Kama unaendesha makorongoni, ongeza hela kwa hilo. Kama ni uwanda wazi, usijisumbue: kifaa cha kawaida kinakuweka ndani ya mita chache tu, na njia utaiona kwa macho.

Mimi naanza na skrini. Itoe nje juani, taa yake ikiwa imezimwa, uone kama inasomeka. Skrini nzuri za vifaa vya porini zinarudisha mwanga wa jua, hivyo jua likizidi ndivyo zinavyosomeka. Halafu vaa glavu zako ujaribu kukuza ramani na kuweka alama. Vitufe vya kweli navipenda kuliko mguso. Kama ni mguso, uwe wa aina inayohisi mgandamizo. Kwa maji, IPX7 maana yake kinahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na hicho ndicho kiwango cha chini ningekubali.

Umeme ndio unaowaangusha wengi. Chagua kifaa kinachotumia betri za AA, au chenye betri unayoweza kuitoa na kuweka nyingine, kisha ukilishe kutoka kwenye ATV. Toa waya kwenye betri ya volti 12, weka fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya, pitisha kwenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayowaka kwa ufunguo ili kifaa kisikunyonyee betri usiku, ndipo uweke kigeuzi cha kushusha umeme hadi volti 5. Kigeuzi cha ovyo kinatoa kelele za redio zinazoziba GPS. Ukiona setilaiti zinapungua kila ukichomeka chaji, mshuku huyo kwanza. Kwenye mipangilio, agiza kifaa kiendelee na betri yake umeme wa nje ukikatika. Vifaa vingine vimeandaliwa vijizime, na unapopiga stata au waya ukilegea kwenye mashimo, rekodi yako inakatika bila wewe kujua.

Kishikio chenye kichwa cha duara kama tufe na kibano, kama vile vya kampuni ya RAM, kinakaa vizuri katikati ya usukani. Funga na kamba fupi ya usalama, kwa sababu siku kishikio kikiachia hutasikia. Antena ione anga: zile zilizochomoza juu kama kidole zinataka kusimama wima, na zile bapa zilizo ndani zinataka kulala zikitazama juu.

Dira ya ndani ya kifaa usiiamini ukiwa juu ya mashine. Chuma na umeme vinaipotosha. Ukiwa kwenye mwendo, kifaa kinajua uelekeo kutokana na jinsi unavyosogea, na hapo kiko sahihi. Ukisimama ndipo ramani inazunguka hovyo. Shuka, tembea hatua kadhaa mbali na ATV, kisha soma.

Kwenye matumizi, zima ile tabia ya kung'ang'aniza alama yako ibandikwe kwenye barabara, na zima kupanga njia upya. Porini hizo zinakupeleka kwenye barabara ya lami usiyoitaka. Kabla ya kuondoka weka alama pale ulipoacha gari, futa rekodi ya zamani, anza mpya, na iache ionekane kwenye ramani kwa rangi kali. Mstari huo ndio njia pekee uliyo na hakika inapitika, kwa kuwa umeipita. Mshale wa moja kwa moja wa kurudi kwenye gari haujui habari ya mto wala genge lililo katikati.

Mkiwa kundi, kubalianeni namna ya kuandika majira ya mahali, yaani zile namba za nyuzi zinazoonyesha ulipo, kabla ya kuondoka. Hili nalisisitiza kwa moyo wote. Mwenzako akisoma redioni "kumi na mbili, thelathini nukta tano", akimaanisha nyuzi 12 na dakika 30.5, nawe ukaandika nyuzi 12.305, umekosea kwa zaidi ya kilomita 22. Wote mtumie mtindo mmoja, na mfumo wa ramani uwe WGS 84, ambao ndio GPS yenyewe inautumia. Njia zenyewe gawaneni kwa faili za GPX, aina ya faili ya kuhifadhi njia na alama. Karibu kila kifaa na programu inazisoma.

Jambo jingine ambalo watu wanalichanganya: GPS inapokea tu. Haimwambii mtu yeyote ulipo. Ukitaka kuomba msaada pasipo na mtandao, unahitaji kifaa kinachotuma, kama vile inReach ya kampuni ya Garmin inayopitia setilaiti za mawasiliano za Iridium, nacho kinataka uwe umelipia huduma. Baadhi ya simu, kuanzia iPhone 14, zina ujumbe wa dharura wa setilaiti, ila si kila nchi. Hakikisha kwako inafanya kazi. Ramani ya karatasi na dira ya mkononi bado navibeba.

Umbali wa GPS na wa mita ya ATV hautalingana. Magurudumu yakiteleza kwenye tope mita inahesabu na wewe hujasogea, na tairi za saizi nyingine zinaipotosha pia. Mimi mafuta napanga kwa rekodi ya GPS, kisha naongeza akiba kwa ajili ya tope na mchanga.

Ukishapata modeli unazofikiria, zitaje hapa pamoja na aina ya ATV yako. Nikijua betri yake na nafasi iliyopo kwenye usukani, nitakuelekeza waya upite wapi.