Kwa Mwalimu Aliyekabidhiwa Maktaba ya Shule

Katika shule nyingi za Tanzania, maktaba haisimamiwi na mkutubi aliyesomea kazi hiyo, bali na mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza ambaye tayari ana vipindi na zamu zake. Ikiwa umekabidhiwa jukumu hilo mwaka huu, nakushauri upime kila shughuli utakayoianzisha kwa idadi ya vitabu vinavyotoka humo mikononi mwa wanafunzi. Mashindano na hotuba za mgeni rasmi vina nafasi yake, lakini shule inaweza kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, tarehe 8 Septemba, kwa ngoma na maigizo, na kesho yake kabati la vitabu likabaki na kufuli lake.

Kufuli hilo lina sababu. Vitabu ni mali ya shule, vimeorodheshwa, na mwalimu anaogopa kudaiwa kitakachopotea. Kwa hiyo anza kwa mwalimu mkuu: kubalianeni mapema, tena kwa maandishi, kwamba kila mwaka vitabu kadhaa vitachakaa na vingine vitapotea, na kwamba hiyo ni gharama ya kazi kama chaki inavyokwisha ubaoni. Baada ya hapo, daftari la kuazima lenye tarehe, jina, darasa na kitabu linatosha, na wanafunzi wenyewe wanaweza kulisimamia wakati wa mapumziko. Miongoni mwa wasaidizi hao waweke pia wale wanaosoma kwa shida, kwa sababu mtoto anayepanga vitabu kila siku hatimaye hukifungua kimoja.

Katika shule ya msingi, sijaona shughuli inayozidi mwalimu kusoma kwa sauti. Soma dakika kumi hivi, ufunge kitabu pale ambapo kila mtu anataka kujua kitakachofuata, kisha ukiache mezani ili wakigombee. Watoto waliozoea kuitikia “Hadithi njoo!” hawahitaji kufundishwa kusikiliza, wanachohitaji ni kuona kwamba utamu huo umo pia ndani ya kurasa, na kwamba wanaweza kuufikia bila kumsubiri msimulizi. Ninakusihi tu usifuatishe maswali ya ufahamu wala muhtasari wa kusahihishwa, maana mtoto anayedaiwa majibu kwa kila hadithi atauhesabu usomaji kuwa mtihani mwingine, na ataukwepa kila apatapo nafasi. Mruhusu pia kurudisha kitabu kisichomvutia kabla hajakimaliza.

Kwa vijana wa sekondari kazi ni ngumu zaidi. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hujikuta kidato cha kwanza akifundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, na akiingia maktaba hukuta vitabu vya kiada na riwaya zinazomshinda tangu ukurasa wa kwanza. Mtafutie vitabu vyepesi vya Kiingereza, wala usiviite vya watoto mbele ya wenzake. Wakati huohuo usimnyime Kiswahili: riwaya za upelelezi, tenzi na hata kurasa za michezo za magazeti humjengea mazoea ya kusoma kurasa nyingi kwa mfululizo, na mazoea hayo atayahitaji katika lugha yoyote. Kwa kuwa kijana humsikiliza zaidi kijana mwenzake, omba nafasi mstarini mara moja kwa wiki ili mwanafunzi mmoja aeleze kitabu alichokipenda bila kufichua mwisho wake.

Vitabu vikiwa vichache, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili ambazo leseni yake huria inaruhusu kuzichapisha bure. Wanafunzi nao wanaweza kuandika hadithi walizosimuliwa na bibi na babu zao, wakazichora na kuzishona kwa uzi. Vijitabu hivyo vipewe namba na viazimwe kama vingine.

Jambo la mwisho ni likizo. Shule nyingi hukusanya vitabu vyote kabla ya kufunga mwezi Juni na Desemba, yaani wakati ambapo hakuna masomo ya kushindania muda wa mtoto. Waeleze wazazi katika kikao chao, kisha jaribu kuwaachia wanafunzi wa darasa moja waende na vitabu nyumbani mwezi Juni, na vikirudi vingi, Desemba uongeze darasa jingine.